Bajeti ya uvuvi: mabilioni yanayopitishwa Dodoma na samaki wanaofika Feri

Kila mwaka, kati ya Mei na Juni, Waziri wa Mifugo na Uvuvi husimama bungeni Dodoma kusoma hotuba ya bajeti. Jioni tarakimu zinasikika kwenye taarifa ya habari, na kesho yake mjadala umeshafika Dar es Salaam: ndani ya daladala, vijiweni, na zaidi ya kote pale sokoni Feri. Mmoja anauliza mabilioni hayo yanakwenda wapi ikiwa changu wa kukaanga bado hashikiki. Mwingine anamjibu kwamba samaki hapandwi wala halishwi, ni riziki ya Mungu, kwa hiyo serikali haina kazi huko zaidi ya kukusanya ushuru. Wa tatu anasema dawa ni moja tu: serikali inunue meli kubwa za uvuvi, basi.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kinachowapita wote ni kwamba fedha ya serikali haivui samaki. Inalipia kazi ambazo hakuna mvuvi, tajiri wa boti wala mwenye kiwanda atakayekubali kuzilipia peke yake, kwa sababu faida yake wanaipata wote: kujua samaki wako wangapi, kulinda miamba wanakozaliana, kupima ubora wao, kujenga mahali pa kuwateremsha. Kazi hizo zikikosa fedha, samaki hawapotei siku hiyo hiyo. Hasara inakuja polepole, na anayeanza kuibeba ni mtu ambaye hajawahi kuisoma hotuba ya bajeti.

Maneno yenyewe kwanza

Wizara ni moja lakini mafungu ni mawili. Fungu 99 ni la mifugo, Fungu 64 ni la uvuvi. Kwa hiyo ukisikia jumla ya bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, usidhani yote inaelekea majini. Humo humo kuna majosho, chanjo na malambo ya ng'ombe. Ndani ya Fungu 64 nako kuna sehemu mbili. Matumizi ya kawaida ni mishahara, umeme, mafuta ya vyombo vya kazi na shughuli za kila siku. Matumizi ya maendeleo ni kujenga soko, kununua boti ya doria, kusimika mtambo wa barafu, kugharimia utafiti. Hayo ya maendeleo nayo hutoka mifuko miwili: fedha za ndani, yaani kodi zetu, na fedha za nje, yaani mikopo na misaada.

Tofauti inayowachanganya watu kuliko zote ni kati ya fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyotolewa. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ataielewa mara moja. Kadi za mchango zimegawiwa, daftari la ahadi limejaa, mwenyekiti anasoma jumla na watu wanapiga makofi. Lakini mpishi na mwenye ukumbi hawalipwi kwa ahadi. Wanalipwa kwa kile kilichokwisha kufika kwa mweka hazina, na siku zinapokaribia ndipo kamati inaanza kupunguza: mapambo yanashushwa, sahani zinapunguzwa, ng'ombe anageuka mbuzi. Bunge likipitisha bajeti limejaza daftari la ahadi. Fedha yenyewe hutoka Hazina kwa awamu mwaka mzima, kadiri makusanyo yanavyoruhusu, na fungu la maendeleo ndilo rahisi kusubirishwa, kwa kuwa mshahara haungoji. Hotuba za bajeti zina aya inayotaja wizara imepokea kiasi gani mpaka tarehe fulani. Aya hiyo haiwi kichwa cha habari hata siku moja, na mimi naona ndiyo ingepaswa kusomwa kwanza.

Kwenye uvuvi kuchelewa kuna ubaya wake wa pekee. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, wakati upepo wa kusi umekaza na vyombo vidogo vingi vimevutwa ufukweni. Bahari hutulia zaidi kuanzia Oktoba hivi na kuendelea wakati wa kaskazi, mpaka Machi. Hiyo ndiyo miezi ya kwenda doria, kuhesabu vyombo, kupima maji na kuchukua sampuli. Fedha ya robo ya kwanza ikitoka Desemba, zabuni ikitangazwa Januari na mkandarasi akapatikana Machi, msimu umeshapita. Fedha imekuja, tena huenda kamili, na kazi haikufanyika. Mkaguzi akifungua vitabu hataona wizi wowote.

Kuhesabu usichokiona

Tanzania ina ukanda wa pwani wa kilomita 1,424 hivi, na eneo la bahari la uchumi, lile linalofika maili 200 za baharini, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 223,000. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina jukwaa jembamba: unatoka ufukweni, unapita miamba ya matumbawe, na baada ya kilomita chache kina kinashuka ghafla. Ngalawa, madau na boti za Msasani, Kunduchi, Mbweni na Kigamboni zinafanya kazi juu ya jukwaa hilo, zote pamoja, wakati wavuvi wakiongezeka kila mwaka. Huko nje, kwenye maji ya kina, anapita jodari.

Ndiyo maana mabishano ya "samaki wamekwisha" na "bahari yetu imejaa samaki" hayana mshindi. Changu, tasi na pono wa miamba ya karibu wamebanwa sana, na nahodha yeyote mzee wa Kunduchi atakwambia sasa anakwenda mbali kuliko alikokwenda baba yake. Jodari wa mbali ni suala jingine kabisa, na chombo cha kawaida cha Feri hakimfikii.

Lakini "wamebanwa sana" siyo takwimu. Ili serikali iseme kwa uhakika tuvue kiasi gani, wapi na kwa nyavu za macho gani, lazima kuwe na watu wanaohesabu. Kazi hiyo ni ya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye makao yake hapa Dar es Salaam. Wataalamu wapo. Meli ya kupima samaki wa kina kirefu ni jambo zito zaidi. Mwaka 1982 na 1983 maji yetu yalipimwa na Dr. Fridtjof Nansen, meli ya utafiti kutoka Norway inayofanya kazi na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Meli yenye jina hilo hilo ilirudi kwa kazi ya aina hiyo mwaka 2018. Mtoto aliyezaliwa wakati wa upimaji ule wa kwanza alikuwa na miaka 35 ulipofanyika huu mwingine. Nchi inayosubiri meli ya mgeni ipate nafasi kwenye ratiba yake haiwezi kupanga uvuvi wake kwa mwaka mmoja mmoja.

Kukosa takwimu kunaifanya serikali iamue ikiwa imechelewa. Uvuvi wa kambamiti kwa meli za kukokota nyavu ulisimamishwa mwishoni mwa muongo wa 2000, mavuno yakiwa yameshaporomoka. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila ulikuja wakati wa kufunga, siyo wakati wa kupunguza.

Doria, na meli ya kuazima

Kwa miaka mingi bahari ya Dar es Salaam ilikuwa na sifa mbaya ya uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na mayai pamoja, na mwamba wa matumbawe uliovunjika unachukua miongo kurudi. Mwaka 2015 watafiti walizunguka pwani nzima wakiburuta vinasa sauti chini ya maji. Walinasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka jiji hili. Baadaye vyombo mbalimbali vya dola vikaunganishwa kwenye kikosi kazi kimoja, polisi, waendesha mashtaka na maofisa uvuvi wakafanya kazi pamoja, na kutoka 2017 msako ukawa mkali. Milipuko ikapungua sana. Mimi huutaja mfano huu kila ninaposikia kwamba fedha ya serikali baharini ni bure. Matumbawe ya Dar hayakuokolewa na semina. Yaliokolewa na mafuta ya boti, posho za usiku na kesi zilizofika mwisho.

Msako wa namna hiyo si kazi ya kufanya mara moja. Vikundi vya ulinzi shirikishi, ambavyo wavuvi huviita BMU, vinategemea wanakijiji wanaojitolea. Wanajua nani anavua kwa juya lililokatazwa na nani anaficha baruti wapi, kwa kuwa wanaishi naye mtaa mmoja. Bila mafuta na boti, BMU inabaki na mwenyekiti, muhuri na daftari.

Mbali zaidi ya hapo ni bahari kuu. Wengi mnakumbuka "samaki wa Magufuli", aliyekuwa waziri wa uvuvi wakati ule: Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya maji yetu ikiwa na karibu tani 300 za samaki, na baadaye samaki wale wakagawiwa kwa taasisi mbalimbali. Kisichosimuliwa sana ni kwamba meli ya doria iliyoikamata, Sarah Baartman, ilikuwa ya Afrika Kusini, katika operesheni ya pamoja ya kikanda. Mahakama Kuu iliwatia watuhumiwa hatiani mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikawaachia. Nahodha wa meli ya nje anayefikiria kuingia kwetu kimyakimya anajiuliza kama kutakuwa na doria siku hiyo. Jibu hilo tulilitoa kwa chombo cha jirani.

Barafu

Watu hupenda kuzungumzia meli. Ningependa tuzungumzie barafu kwanza, maana hapo ndipo fedha nyingi inapoyeyuka bila kelele.

Chombo kikitoka, gharama za mafuta, barafu na chakula hukatwa kwanza kwenye mauzo. Kinachobaki ndicho wanachogawana tajiri, nahodha na mabaharia. Barafu ikiwa ghali au haipatikani, nahodha ana njia mbili: arudi mapema kabla hajapata cha kutosha, au akae baharini na arudi na samaki waliolegea. Njia zote mbili zinamkuta mnadani akiwa mnyonge. Dalali anajua, mnunuzi anajua, na samaki wa saa kumi na mbili asubuhi hana bei ile ile saa nne. Mama anayekaanga hununua kwa kilichobaki, na mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto anayenunua kwa mchuuzi wa baiskeli analipia safari yote hiyo, pamoja na samaki waliotupwa njiani. Hapo ndipo lilipo jibu la yule aliyeuliza kuhusu bei ya changu, au angalau sehemu yake kubwa.

Dagaa ni vivyo hivyo. Wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa wingi, na wanahitaji jua la siku moja na mahali pa kuanikia. Wakianikwa mchangani wanaokota mchanga. Mvua ikinyesha wanaoza. Chanja na meza za kuanikia, maji safi na sakafu ya saruji si teknolojia ya ajabu. Ni vitu vidogo vya bajeti vinavyoshindwa kusikika mbele ya mradi wenye jiwe la msingi.

Soko la Feri lenyewe, kwa sura tuliyoizoea, lilijengwa kwa msaada wa Japan na kufunguliwa mwaka 2002. Ushuru wake unaingia halmashauri, leseni na tozo nyingine zinakwenda serikali kuu, na anayetaka mtaro uzibuliwe anatumwa huku na huku. Mvuvi haoni ngazi mbili za serikali. Anaona mtu mmoja anayechukua fedha yake asubuhi na kutoonekana mchana.

Kuna wakati gharama ya kutowekeza ilionekana waziwazi. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Viwanda vya sangara vya Mwanza viliyumba, na mvuvi ambaye hajawahi kushika sumu akakosa mnunuzi. Sangara alikuwepo ziwani. Kilichokosekana ni uwezo wa serikali kuthibitisha, kwa vipimo vinavyokubalika, kwamba huyu ni salama. Leo ipo maabara ya taifa Nyegezi inayofanya kazi hiyo, na bila cheti chake kontena halivuki.

"Serikali inunue meli"

Tulishajaribu. Shirika la Uvuvi Tanzania, TAFICO, liliundwa mwaka 1974, lilikuwa na meli, na katika wimbi la ubinafsishaji la miaka ya 1990 likazimika. Kuanzia 2018 serikali ikaanza kulifufua. Ninatamani lifanikiwe. Lakini meli ni kiungo kimoja. Inataka bandari yenye kina na gati la uvuvi, chumba cha baridi, mafuta yasiyongoja kibali, mafundi, na mabaharia waliofunzwa. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, yenye chuo Mbegani, Bagamoyo, hufundisha hao mabaharia, lakini mafunzo ya bahari kuu yanataka siku za baharini, na siku za baharini ni fedha.

Bandari ndiyo iliyokuwa pengo kubwa kuliko yote. Meli za jodari za Bahari ya Hindi huteremsha mzigo Victoria huko Seychelles, Port Louis huko Mauritius, au Mombasa. Pale zinapoteremsha ndipo palipo kazi: kupakua, kusindika, kutengeneza nyavu, kuuza mafuta na chakula. Samaki wanaonaswa pamoja na jodari, ambao kwetu wangekuwa kitoweo, nao huishia huko. Sisi tulibaki na ada ya leseni. Hata hiyo ada tuliiponza: tulipoweka mrabaha wa dola 0.4 kwa kila kilo, meli za nje ziliacha kukata leseni na kwenda kwa majirani, na baadaye mrabaha huo ukaondolewa. Jodari hana mpaka. Akiwa ghali kwetu leo, kesho anavuliwa maji ya jirani.

Hapa ieleweke pia kwamba uvuvi wa kawaida si jambo la Muungano, Bara na Zanzibar kila upande una wake. Bahari kuu ndiyo inasimamiwa kwa pamoja, kupitia mamlaka yenye makao yake Zanzibar.

Kutokuwa na meli na bandari kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye bajeti yoyote. Nchi wanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi wamekuwa wakijadiliana kwa miaka jinsi ya kugawana kiasi cha jodari cha kuvua. Mataifa yenye meli kubwa yanasisitiza historia: aliyevua zaidi apewe zaidi. Nchi za pwani, sisi tukiwamo, zinasisitiza haki ya mwenye maji. Kila mwaka tunaopita bila kuvua wala kuandika takwimu zetu, hoja ya upande wa pili inanenepa.

Fedha nyingi nayo inaweza kuharibu

Wapo wanaodhani kwamba ruzuku yoyote kwa wavuvi ni heri. Canada ilisaidia kujenga uwezo mkubwa wa kuvua chewa wa pwani ya Newfoundland, na mwaka 1992 ikalazimika kuufunga uvuvi huo kwa kuwa samaki walikwisha. Maelfu ya watu wakakosa kazi. Duniani kote kiasi kikubwa cha ruzuku za uvuvi kinakwenda kwenye kuongeza nguvu ya kuvua, na ndiyo maana Shirika la Biashara Duniani lilipitisha mkataba wa kuzibana ruzuku mbaya mwaka 2022, ukaanza kutumika Septemba 2025.

Kwa hiyo mikopo ya boti kama ile iliyozinduliwa Mwanza Januari 2024, boti 160 pamoja na vizimba 222 vya kufugia samaki, ni jambo jema kwa masharti. Boti inayomtoa mvuvi kwenye mwamba uliochoka na kumfikisha kina kirefu inapunguza mzigo. Boti inayoongezwa juu ya mwamba ule ule, bila hesabu wala doria, inamaliza haraka kilichobaki, na mkopo unabaki. Vizimba navyo vinahitaji anayepima maji na kuzuia magonjwa.

Fedha za nje zimefanya mengi. Udhaifu wake ni kwamba mradi una tarehe ya kufa. Ofisa aliyekuwa na boti, kompyuta na mafuta hadi Desemba, Januari anabaki na boti isiyo na mafuta, kwa sababu hakuna aliyeiingiza gharama hiyo kwenye matumizi ya kawaida.

Hapo ndipo Kilwa Masoko inaponipa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi huko, mradi uliotajwa kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 260. Zege na gati vimo kwenye fungu la maendeleo. Umeme wa vyumba vya baridi usiku na mchana, wapimaji wa ubora watakaokuwa zamu meli ikitia nanga saa nane za usiku, kuondoa mchanga unaojaa kwenye kina, vipuri vya mtambo wa barafu: hivyo vyote vitakuwa matumizi ya kawaida, vitaombwa upya kila bajeti, na vitashindana na mishahara.